Aliyehamisha mwanawe hajahama mtaa

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), aliyemtukuza mwanadamu kwa akili na elimu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, leo tunapenda kuzungumza na familia za Kiislamu juu ya jambo linaloonekana kila asubuhi katika mitaa yetu. Alfajiri, watoto wa mtaa mmoja hutoka majumbani kwenda shule. Wapo wanaopanda basi la shule ya kulipia lililowafuata mlangoni. Wapo wanaotembea kwa miguu, au wanaosukumana kwenye mlango wa daladala ambayo kondakta wake hataki kuwapakia kwa kuwa nauli yao ni ndogo. Wazazi wa watoto hao husimama safu moja katika swala ya Ijumaa, bega kwa bega. Lakini elimu wanayoipata watoto wao haifanani, na tukiendelea hivi, hata maisha yao hayatafanana.

Hatukusudii kumlaumu mzazi anayelipa ada. Kumtafutia mtoto elimu iliyo bora ni katika haki za mtoto kwa mzazi wake. Tunachokihoji ni kile kinachofuata. Mwenye uwezo akishamhamisha mwanawe kutoka shule ya mtaani, mara nyingi naye huondoka. Haonekani tena katika mkutano wa wazazi, hakubali ujumbe wa kamati ya shule, wala hajui kama vyoo vimejaa au paa linavuja. Shule inabakia mikononi mwa wazazi wasio na fedha na ambao sauti yao haifiki mbali. Hivyo ndivyo umasikini wa nyumbani unavyogeuka kuwa umasikini wa shule.

Uadilifu unatutaka tukiri kwamba Serikali imefanya mengi. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafikishwa kidato cha tano na cha sita. Mwaka 2016 nchi nzima ilihamasishwa kuchangia madawati. Baadaye, kwa fedha za mkopo uliotolewa wakati wa janga la UVIKO-19, madarasa 15,000 yalijengwa.

Hata hivyo, kufuta ada ni kufungua mlango tu. Waliofunguliwa mlango walikuja kwa wingi, nasi tunamshukuru Allah kwa hilo, ila nafasi haikutosha. Kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha darasa la shule ya msingi. Anayeijua Mbagala, Chamazi au Chanika anajua jinsi kiwango hicho kinavyovukwa, na jinsi baadhi ya shule zinavyolazimika kusomesha kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Ruzuku iliyopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi katika utaratibu huo wa elimu bila ada ni Sh 10,000 kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo ni ya vitabu. Tukiigawa kwa siku 194 za masomo, tunapata kama Sh 50 kwa siku.

Isitoshe, Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 uliwaachia wazazi sare, madaftari na chakula cha mtoto anayesoma kutwa. Hapa ndipo tofauti ya vipato inapoingia darasani. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kunywa chai, akakaa hadi mchana bila hata kikombe cha uji, huku nyuma yake mwenzake akifungua kibegi chenye chapati, haanzi masomo akiwa sawa na huyo mwenzake. Mwalimu akiuliza swali, huyu anawaza tumbo. Mwisho wa mwaka tunasoma matokeo na kusema watoto wa shule hiyo ni wazito!

Uislamu hauruhusu tulitazame jambo hili kwa mbali. Wahyi wa kwanza kumfikia Mtume (s.a.w.) katika pango la Hira ulianza kwa amri ya kusoma. Baada ya vita vya Badr, wapokezi wa sira wanatueleza kuwa baadhi ya mateka wasio na mali walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika. Mafundisho ya dini yetu yanakataza mali kuzunguka mikononi mwa matajiri peke yao, na yanatia dosari katika imani ya anayelala ameshiba ilhali anajua kuwa jirani yake ana njaa.

Wapo watakaosema kuwa shule ya Serikali ni jukumu la Serikali, na kwamba wao wamekwishalipa kodi. Ni kweli, na Serikali ni lazima ikumbushwe wajibu wake. Lakini mtoto wa darasa la tatu hawezi kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Wengine watasema kuwa shule hizo zina watoto wasio Waislamu. Hao nao ni majirani, na haki ya jirani katika Uislamu haikufungamana na dini yake.

Wazee wetu walilielewa jambo hili. Katika miaka ya 1930, Waislamu wa Dar es Salaam, chini ya Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika ambayo Kleist Sykes alikuwa mmoja wa waasisi wake, walijenga shule ili watoto wao wapate elimu ya dini pamoja na elimu ya mazingira. Walikuwa chini ya mkoloni, na wengi wao hawakuwa matajiri.

Basi tufanye nini? Kwanza, zaka itolewe kwa hesabu na kwa mpango. Katika kila Sh 1,000,000 ya akiba iliyofikia nisabu na kutimiza mwaka, haki ya wastahiki ni Sh 25,000. Mafakiri na masikini ndio wanaotajwa mwanzo miongoni mwa makundi manane yanayostahiki, na mtoto asiye na sare wala daftari katika familia ya Kiislamu yumo humo. Kila msikiti unaweza kuwa na orodha ya watoto hao, ikatunzwa kwa siri ili kuhifadhi heshima zao.

Pili, kwa kuwa wanazuoni wengi wanaona kuwa zaka ni lazima imilikishwe wastahiki wenyewe, vyoo, madawati na uji wa watoto wote vitafutiwe sadaka na wakfu. Umar bin Khattab (r.a.) aliweka wakfu shamba lake la Khaybar, asili yake isiuzwe wala kurithiwa, na mazao yake yawafae wahitaji. Watu wa pwani hii waliweka wakfu minazi na nyumba kwa ajili ya misikiti. Leo chumba kimoja cha duka kikiwekwa wakfu, kodi yake ya kila mwezi inaweza kupika uji wa shule mwaka hadi mwaka.

Tatu, na hili halihitaji fedha, wenye elimu na nafasi warudi katika mikutano ya shule za mitaa yao, hata kama watoto wao hawasomi hapo. Waulize mapato na matumizi, na wahakikishe kuwa mchango wowote ni wa hiari na unapitia kamati ya shule, wala hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mzazi wake kukosa.

Tunawaomba maimamu walizungumze jambo hili katika hotuba zao, na kamati za misikiti zianze kwa kumtembelea mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani na kumuuliza ni watoto wangapi wanaoshinda na njaa.

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie mali zenye baraka na mikono yenye kutoa, na awaongoze watoto wetu wote katika elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.