Maji ya Tangi la Samaki Yaishie Wapi?

Tangi la samaki ni kifaa bora cha kufundishia, liwe katika maabara ya shule au sebuleni nyumbani. Wanaolitunza huuliza sana habari za chakula, za pampu na za chujio. Ni nadra mtu kuuliza maji machafu yatokayo humo yaelekezwe wapi. Kwa maoni yangu, mwalimu asiyelijibu swali hilo amefundisha nusu ya somo.

Kwanza tufahamu maji hayo yamebeba nini. Samaki hutoa amonia, hasa kwa njia ya matamvua, nayo ni sumu kwake. Bakteria waishio katika mchanga na sponji ya chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hao walichunguzwa na Mrusi Sergei Winogradsky katika kazi aliyoichapisha mwaka 1890. Lakini chujio la kawaida haliondoi nitrati, nayo huzidi kulimbikizana wiki hata wiki. Basi hapana budi kupunguza maji na kuongeza mengine. Tangi la lita 100 likipunguzwa lita 20 kila wiki, hutoa lita 1,040 kwa mwaka.

Maji hutolewa kwa mpira uliojazwa maji, ncha moja ikiwa tangini na nyingine chini ya usawa wa maji ya tangi. Mtiririko ukishaanza haukomi mpaka ncha ya ndani iguswe na hewa, au maji ya pande zote mbili yawe na usawa mmoja. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo niliuzamisha mpira hadi chini kabisa ya tangi, nikaenda kumpokea mgeni. Niliporudi, samaki walikuwa wamelala juu ya mchanga mtupu. Kanuni ile niliweza kuiandika ubaoni bila kosa, ila sikuwa nimeitii. Tangu siku hiyo ncha ya ndani naifunga pale tu ninapotaka maji yakome.

Sasa, ncha ya nje iwe wapi? Wengi huielekeza mtaroni, na mtaro huishia kijitoni. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana maji hayo huweza kubeba mayai ya konokono na vipande vya mimea vigeni. Mwaka 1984 mwani uitwao Caulerpa taxifolia, uliokuwa ukioteshwa katika matangi, ulionekana baharini chini ya Jumba la Makumbusho la Bahari la Monaco. Ulikuwa umefunika eneo la kama mita moja tu ya mraba, lakini baadaye ulienea sehemu nyingi za Mediterania. Nasi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Gugu maji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani na watu waliopendezwa na maua yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria, na wavuvi wanaijua adha yake.

Mahali pake hasa ni bustani. Nitrati inayomdhuru samaki ikizidi ndiyo inayolisha mchicha na migomba. Kabla ya kuyamwaga, tumia sehemu ya maji hayo kusuuzia sponji ya chujio, kwa kuwa klorini ya maji ya bomba huua wale bakteria tunaowahitaji. Kisha yamimine udongoni, mbali na mtaro. Yasimwagwe juu ya majani yanayoliwa mabichi. Maji ya chumvi, au yaliyotiwa dawa za samaki, yasipelekwe bustanini, bali kwenye bomba la maji machafu la nyumba. Na anayeyashika anawe mikono kwa sabuni.

Walimu wenzangu, katika ndoo moja ya maji haya mna somo la kemia, la fizikia, la biolojia na la kilimo. Mwanafunzi aoteshe matuta mawili ya mchicha, moja kwa maji ya tangi na la pili kwa maji ya bomba, apime na kuandika. Akizoea kuuliza uchafu wa tangi dogo unaishia wapi, hatashindwa kesho kuuliza hivyo hivyo juu ya uchafu wa kiwanda.