Kadi ya Grafiki Isubiri

Mafundi wa YouTube wanakuambia uanze na prosesa na kadi ya grafiki. Eti! Hawajaunda kompyuta katika kambi ya Hagadera, Dadaab. Hapa umeme wa jenereta hupanda na kushuka, joto hupita nyuzi 35, na vumbi huingia bila kibali. Mkimbizi ndiye anayehitaji kibali, hata kurudisha kifaa kibovu Nairobi. Basi pesa ya kwanza iende kwenye pawasaplai imara. Ya pili kwenye SSD, isiyo na kitu kinachozunguka. Prosesa ya mtumba yatosha. Na nyinyi mnaohubiri ajira za kidijitali kambini: kabla ya semina nyingine, ondoeni hicho kibali. Kompyuta isiyowaka ni sanduku tu.