Mtungi Mkubwa Ulio Juu ya Mlima

Juma lililopita tulikuwa kwenye foleni ya maji hapa Mwingi mwanangu aliponiuliza, "Mama, haya maji ya mfereji hutoka wapi?" Nikamjibu, "Kiambere." Akauliza tena, "Na ya Kiambere?" Hapo nikakwama.

Nimelitafuta jibu, nami nakupa nawe. Bwawa la Kiambere limejengwa katika mto Tana, na Tana hupata maji yake kutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mlima huo ndio mmishonari Krapf aliouona kutoka Kitui mnamo Desemba 1849, akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara wetu maarufu. Aliona weupe wa theluji na vilele viwili kama pembe.

Pembe hizo ni Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Kati yake mwamba umebonyea kama tandiko la punda, na wapandaji hupaita Mlango wa Ukungu. Mwaka wa 1929 Shipton na Wyn Harris walivukia hapo kutoka Nelion hadi Batian.

Ukishuka utakuta mawe matupu, kisha lobelia ndefu kumpita mtu na nyasi za mafungu katika udongo wa majimaji. Udongo huo, pamoja na msitu wa chini yake, ndio mtungi wetu mkubwa. Hunywa mvua na ukungu, kisha huachia maji polepole, hata wakati mto wetu wa Tyaa ukiwa mchanga mtupu.

Je, mtungi huo uko salama? Barafu ya Lewis ilipoteza karibu sehemu tisa kwa kumi za ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Hata hivyo, Tana hulishwa zaidi na mvua kuliko barafu. Ninachohofia zaidi ni moto, kama ule wa Machi 2012 ulioteketeza nyasi na msitu huko juu. Ardhi iliyoungua haishiki maji.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwanao akienda na wenzake wa shule kuupanda mlima, mwambie apande polepole, maana hewa ya huko ni nyepesi. Tena mwambie asiache nyuma yake hata kaa moja la moto. Moto uwakao kule huchoma maji ya mtungi wako hapa.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.