Acheni Kutuuzia Hatua Tano

Nina ugomvi na watu wanaofundisha Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme kana kwamba ni PIN ya M-Pesa. Farasi f6, kitunda g6, askofu g7, kitunda d6, ficha mfalme kwa ngome. Hatua tano, basi, Mweupe akianza na d4 umemmaliza. Manze, huo ni uongo.

Hapa Wamunyu tungepaswa kuwa wa kwanza kuukataa. Mutisya Munge alirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia na ufundi wa kuchonga alioupata Tanganyika, na biashara ya vinyago ikakua hapa. Lakini gogo moja lina fundo, lingine limepinda. Mchongaji anayepiga tezo bila kuangalia mti anachonga kuni.

Kwani hizo hatua tano ni za nini? Mweusi anamwachia Mweupe katikati ya ubao kwa makusudi: c4, d4, e4, vitunda vitatu vimejipanga kama matatu stejini. Halafu anavipiga kwa e5. Usipopiga, umekaa tu kwenye kona ukibanwa. Na ukiogopa kwamba Mweupe atabadilishana vitunda, mle malkia wako kwa malkia wake, kisha ale e5 kwa farasi, tulia: farasi wako anakula e4, na akimla huyo farasi, askofu wa g7 anakula farasi aliye e5. Hesabu iko sawa.

Mara nyingi Mweupe husukuma d5 badala yake. Hapo ndipo mchezo unaanza, na ndipo video nyingi zinaishia! Angalia vitunda vyako, d6 na e5: vinaelekea upande wa mfalme wa Mweupe. Vyake, e4 na d5, vinaelekea upande wa malkia wako. Kila mtu anashambulia kule vitunda vyake vinakoelekea. Kwa hivyo wewe unataka f5, na farasi wa f6 amekaa mbele ya hicho kitunda. Mtoe, d7 au e8. Vijana wengi ninaocheza nao humwacha pale mpaka c5 ya Mweupe iwafikie, halafu wanalaumu ulinzi.

Kosa lingine linaniuma zaidi: kumtoa askofu wa c8 abadilishwe na farasi. Huyo amelala nyumbani lakini ndiye anayeiangalia h3, na shambulizi lako likiiva unaweza kumtoa mhanga pale kuvunja ukuta wa mfalme.

Wapo pia makocha wanaosema ulinzi huu ni wa wakubwa, mtoto aanze na d5 tu. Siwakubali, ingawa wana hoja: Kasparov mwenyewe aliuacha miaka ya 1990 ikielekea kwisha, Kramnik alipoanza kumsumbua kwa b4. Lakini huyo alikuwa Kramnik. Mpinzani wako ni jamaa wa darasa lako, na bundle zake zimeisha kama zako. Mawazo matatu kichwani yatakufikisha mbali kuliko mistari ishirini uliyoikariri.

Na akikuletea London? Askofu wake wa f4 anaikodolea macho e5 tangu mwanzo. Hatua tano hazitakuambia lolote. Mimi hapo hupiga c5.