Pointi za ndege si pesa: piga hesabu kabla ya kununua

Ukiishi Pipeline, Tassia au Utawala, ndege si kitu kigeni kwako. Kuanzia alfajiri zinapita juu ya kamba za nguo zikienda kutua JKIA. Kuzipanda ndiyo kazi. Wengi wetu tumekulia kilomita chache tu kutoka uwanja huo, na tumefika hapo mara moja au mbili, tena kumsindikiza mtu anayeenda Ghuba kutafuta kazi.

Sasa ofa imekufikia kwenye simu: nunua pointi za ndege leo, upewe bonasi ya asilimia 50. Kama umechanga kwenye chama mwaka mzima ili umtembelee dadako Doha, au uende Dubai kuchukua mzigo wa kuuza mtaani, ofa hiyo inakaa poa sana. Kabla hujabonyeza, tusikizane. Msimamo wetu ni huu: nunua pointi tu ikiwa tayari unajua safari, tarehe na kiti. Kununua pointi ili zikae tu kwenye akaunti ni kuikopesha kampuni pesa zako bila riba.

Pointi si jambo jipya kwetu. Safaricom ilianzisha Bonga Points mwaka wa 2007, na kila mtu mtaani ana zake. Lakini Bonga hukuzinunua. Zilikuja zenyewe ulipokuwa ukipiga simu na kununua bando. Hata hivyo, Safaricom ilipotangaza mwaka wa 2022 mpango wa kufuta pointi zilizozidi miaka mitatu, watu walilalamika kweli kweli. Kama pointi za bure ziliuma hivyo, fikiria zile ulizolipia kwa jasho lako.

Biashara hii ina historia ndefu. American Airlines ilianzisha mpango wake, AAdvantage, mwaka wa 1981, ili abiria wasihamie kwa washindani. Leo mipango hiyo ni mali kubwa. Korona ilipozima safari mwaka wa 2020, United Airlines iliweka mpango wake wa MileagePlus kuwa dhamana ya mkopo wa mabilioni ya dola. Kampuni zinazotua hapa Nairobi pia zimo: Emirates na Qatar Airways huuza pointi zao moja kwa moja kwa mteja. Ukiona kitu kinauzwa kwa bidii hivyo, jua muuzaji ameshapiga hesabu zake. Nawe piga zako.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme tiketi unayoitaka ni 58,000 ukilipa pesa taslimu. Ukitumia pointi, unahitaji 20,000, na bado utalipa kodi na ada 15,000. Ndiyo, tiketi ya pointi huwa na kodi na ada zake, na hapo ndipo wengi hushikwa. Toa 15,000 kwenye 58,000, unabaki na 43,000. Gawa kwa pointi 20,000. Kwa safari hiyo, kila pointi ina thamani ya shilingi 2.15.

Sasa angalia bei ya kununua. Kama pointi moja inauzwa senti mbili za dola, na dola ni shilingi 130, unalipa 2.60. Pointi 20,000 ni 52,000, ongeza ile 15,000, jumla 67,000. Umepoteza thao tisa kwa tiketi ambayo ungenunua kawaida na kwenda zako. Lakini bonasi ya asilimia 50 ikiwa ya kweli, pointi moja inashuka hadi kama 1.73. Unanunua 13,400, unapata 20,100, na safari nzima inakugharimu chini kidogo ya 50,000. Hapo umeokoa kama thao nane. Kwa hivyo ofa si uongo kila mara. Ni hesabu itakayokuambia, si tangazo.

Kuna wakati kununua kunaleta maana hata bila bonasi. Tuseme una pointi 17,000 ulizokusanya kwa kusafiri, na zimebaki 3,000 ufikishe tiketi. Kwa 2.60, hizo ni 7,800. Ukiongeza kodi na ada, unalipa 22,800 badala ya 58,000. Hiyo chukua.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo manne. Kwanza, tafuta kiti cha pointi kwa tarehe yako, maana viti hivyo ni vichache na Desemba huisha mapema. Pili, soma lini pointi zinaisha muda, na ujue kuwa pointi ulizonunua kwa kawaida hazirudishwi kuwa pesa. Kampuni nayo inaweza kupandisha idadi ya pointi za safari yako bila kukuuliza. Tatu, angalia dola. Januari 2024 ilikuwa imepita shilingi 160, na kufikia Aprili ilikuwa karibu 130. Bei ya pointi kwa dola inaweza kukaa palepale huku kwa shilingi ikiruka. Nne, usinunue kwa mtu wa Telegram anayedai ana pointi za bei ya kutupa. Sheria za mipango mingi zinakataza biashara hiyo, na akaunti ikifungwa utabaki na skrinshoti tu.

La mwisho, usikope kununua pointi. Mkopo wa simu una ada na riba, na pointi hazizai chochote zikikaa. Pesa hiyo hiyo ikibaki kwenye chama au akaunti ya akiba, bado inaweza kulipa keja mambo yakiharibika. Pointi hazilipi keja.

Na kama safari yenyewe ni Mombasa, usijisumbue. SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024.

Hatusemi watu wa Eastlands wasipande ndege. Tunataka mpande, tena mara nyingi. Ila tiketi ya kwanza isikutoe akiba ya mwaka mzima kwa sababu ya neno bonasi. Ofa ikiingia, fungua kikokotoo kwanza, M-Pesa baadaye.