Vinanda vya mdomo na hewa ya pwani

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya vinanda vya mdomo umesifu sauti ukasahau chumvi ya hewa. Sisi wa Bububu, bahari iko hapo tu. Kinanda changu cha kwanza cha mdomo kilikuwa na sega (kile kiunzi cha kati chenye matundu ya kupulizia) la mti: sauti nzito, tamu, lakini mti ukanywa mate, ukavimba, meno ya sega yakawa yananichuna midomo. Kinanda aina ya Special 20 cha Hohner kina sega la plastiki, halivimbi. Utamu umepungua? Labda, au masikio yangu tu. (Kodiani za taarabu nazo hulia kwa ndimi kama vinanda vya mdomo, ila za chuma, na kwa chumvi hii kutu ndiyo adui yao.) Ukishapiga kinanda chako cha mdomo, kigongegonge kiganjani mate yatoke, kikauke kwanza, ndipo ukifungie kwenye kasha.