Uhuru Haukuteremka Kutoka Dar es Salaam

Muulize mwanafunzi wa Muleba siasa za kudai uhuru zilianza lini, atakujibu bila kupepesa macho: Saba Saba 1954, Dar es Salaam, TANU. Kwa hesabu hiyo, mikoani watu walikaa wakisubiri kuamshwa. Ni uongo uliozoeleka, na sisi wa Kagera tunaurithisha wenyewe.

Miaka 30 kabla ya TANU, mwaka 1924, Klemens Kiiza na wenzake waliunda Bukoba Bahaya Union. Jina la kikabila, nakubali. Lakini hawakukutana kupanga ngoma za harusi. Walihoji mamlaka ya wakama, wafalme wa Kihaya, waliotawala kwa mgongo wa Mwingereza, katika nchi ambayo mfumo wa ardhi wa nyarubanja uliweza kumgeuza mtu mpangaji juu ya kibanja alichoachiwa na babu yake.

Ikaja kahawa. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilileta kanuni za kilimo chake, na wakulima wakawaka. Anayekijua kibanja cha Mhaya haulizi kwa nini. Mbuni hausimami peke yake: umo katikati ya migomba, maharage chini yake, nyumba hapo hapo, makaburi ya wazee hatua chache tu. Ofisa anayekuja kukuamuru namna ya kulima hapo ameshaingia sebuleni. Watu walikataa, viongozi wao wakaandamwa. Wapo watakaosema hayo yalikuwa madai ya shamba tu, hayahusiani na uhuru. Ajabu! Nani ana amri juu ya ardhi yangu na jasho langu: kama hiyo si siasa, ni nini?

Na mwanasiasa Ali Migeyo wa Kamachumu? Kabla TANU haijazaliwa, alishaonja jela kwa sababu ya mkutano wa hadhara. Sisi manshomile, wasomi wa Kihaya, tunaoweza kuwataja maprofesa wetu na Kardinali Rugambwa hata usingizini, yeye tunamruka. Mwandishi Mutahaba aliandika maisha ya Migeyo, kitabu kikatoka mwaka 1969, kwa Kiingereza. TANU ilipofika huku iliwakuta watu waliokwisha kugombana na serikali.

Ugomvi wenyewe haujazikwa. Mkulima bado anaambiwa amuuzie nani kahawa yake, butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado shambani, imepigwa marufuku, na gunia linaloelekea mpakani Mutukula kimyakimya linaitwa magendo. Kiongozi anayeshangaa kwa nini wazee wanamgomea, asome habari za 1937 kabla ya kuitisha mkutano mwingine.